Polisi kushindana bastola: mafunzo au starehe kwa risasi za kikosi?

MzeeKobe: Wakuu, askari aruhusiwe kushindana bastola kama mchezo, muda wa kazi, risasi za kikosi? Mi nasema ndiyo. Anayefyatua siku ya mtihani wa lazima tu atanilinda vipi?

BintiSheria: Hapana. Kwenye IPSC, yale mashindano ya bastola ya kasi na shabaha, pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, sasa mtu kazoea mlio wa kuanza ukilia tu anamimina, huko nje atatoa onyo saa ngapi? Na tuache kuita mchezo kitu cha wenye vitambi kusimama na kunyoosha mkono.

ChumaBaridi: Vitambi?? Dada hukumwona Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, mkono mfukoni, miwani ya kawaida, kabeba dhahabu? Na katokea jandarma yule, polisi wa kijeshi wa Uturuki, askari kabisa!

KidoleChepesi: Fedha mkuu, sio dhahabu. Tena timu mchanganyiko, na mwenzake Şevval İlayda Tarhan hamumtajagi hata siku moja.

ChumaBaridi: Medali ni medali bwana. Haya Takács wa Hungaria je, sajini wa jeshi, guruneti likamharibu mkono wa kulia 1938, akahamia kushoto, dhahabu ya bastola Olimpiki 1948 na 1952. Hicho nacho kitambi?

Afande_Mstaafu: Kitambi changu hakijawahi kukosa shabaha, tuanzie hapo. Binti, kule IPSC kuna shabaha za raia, zile hazipigwi, ukiipiga moja unakatwa pointi 10, na ukielekeza mtutu nje ya eneo salama unatolewa mashindanoni hapo hapo, hawakuulizi cheo. Nidhamu ya kidole niliipata huko kuliko depo. Ila kweli, kuongea na mtu aliyeshika kisu hawafundishi.

BintiSheria: Si ndio hicho nilichosema afande! Shabaha ya raia imepakwa rangi yake, unaijua kabla hujaanza. Mtu gizani anatoa simu mfukoni, hana rangi.

MzeeKobe: Jamani mi niliuliza risasi nani analipia.

KidoleChepesi: Wapeni bastola za upepo kama za Dikeç, mita 10, vile virisasi vyake bei rahisi.

Afande_Mstaafu: Ile haina teke wala mshindo, utamfundisha nini askari?

ChumaBaridi: Na mkono mfukoni sio mbwembwe, sheria ya ule mchezo ni mkono mmoja.

BintiSheria: Kwa hiyo jambazi naye atakabiliwa mkono mmoja mfukoni?