Vishoka wa kusajili kampuni Dodoma: nani kawaruhusu kushika kampuni za watu?

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitazunguka. Tangu serikali ihamie hapa, kuanzia Majengo hadi Area C kila steshenari imebandika karatasi mlangoni: tunasajili kampuni, TIN, leseni ya biashara, bodi ya wadhamini. Mwananchi anaingia, anaacha namba yake ya NIDA na fedha, anaambiwa arudi wiki ijayo.

Dada yangu na wenzake wanalima zabibu Mpunguzi. Walitaka kampuni ili wauze mchuzi wa zabibu (juisi ya kutengenezea mvinyo) kwa jina moja na waweze kuomba zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Hati ya usajili ilitoka kweli, wakafurahi. Walipokwenda kufungua akaunti benki ndipo yakafumuka. Baruapepe na namba ya simu zilizo kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, ni za yule kishoka wa steshenari aliyewasajilia. Ofisi iliyosajiliwa ni kibanda chake. Katibu wa kampuni ni yeye. Na kwenye hisa kuna jina ambalo wakulima hawa hawajawahi kulisikia, kumbe ni shemeji yake! Wakitaka kubadilisha chochote, anawatajia bei. Ritani ya mwaka, yaani taarifa ya kampuni inayopelekwa BRELA kila mwaka, hajapeleka, na adhabu ya kuchelewa inaiangukia kampuni, yaani wao.

Nikamfuata mwenyewe, nikamwomba anionyeshe kibali cha kufanya kazi hii. Alinitolea leseni ya biashara ya steshenari.

Fikirieni hilo. Wakala wa bima lazima awe na leseni ya TIRA, mamlaka ya bima. Wakili unamtafuta mtandaoni kwenye mfumo wa e-Wakili, unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, mshauri wa kodi anatambuliwa na TRA. Wakitudhulumu, tunajua mlango wa kugonga. Huyu aliyeshika hisa, anwani na saini ya katibu wa kampuni ya watu, tumpeleke wapi? Polisi walisema ni mgogoro wa kibiashara, tuelewane!

Na msidhani ni habari ya wakulima tu. Sheria ya kampuni ilirekebishwa mwaka 2020 ili kila kampuni itaje wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika nayo. Kishoka akiandika shemeji yake, taarifa hiyo ni ya uongo, na watakaohojiwa kwanza ni wakurugenzi, ambao ni dada yangu na wenzake. Kampuni inayoendeshwa na mtu asiyeonekana ndiyo njia wanayoitaka wanaotakatisha fedha. Ndiyo maana pendekezo la 22 la FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, linawataja waziwazi wanaounda kampuni kwa niaba ya wengine, wanaojiweka kuwa wakurugenzi au makatibu, wanaotoa anwani, wanaokaa kama wadhamini na wanaoshika hisa za watu. Pendekezo la 28 linataka wasimamiwe. Nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ya nchi zenye mapungufu zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025. Kazi kubwa ilifanyika, naiheshimu. Lakini huku mtaani karatasi bado ziko mlangoni.

Jirani zetu Kenya wana sheria mahsusi ya makatibu wa kampuni: mtu anafanya mitihani, anasajiliwa, akiharibu anashitakiwa kwenye chama chake. Mauritius kampuni za usimamizi, yaani zinazounda na kutunza kampuni za wengine, haziruhusiwi kufanya kazi bila leseni ya tume yao ya huduma za fedha.

Ninachodai ni kidogo. Kila anayechukua fedha kusajili au kutunza kampuni au bodi ya wadhamini ya mtu mwingine awe na leseni, jina lake liwe kwenye orodha ambayo mama wa Mpunguzi anaweza kuifungua kwa simu kabla hajatoa shilingi. Baruapepe na simu za mwenye kampuni ziwe za mwenye kampuni. Anayejiandika katibu au mwanahisa bila ridhaa afungwe, tena jina lake litangazwe.

Mawakili mliomo humu, nisaidieni: kumtoa katibu wa namna hii, na kurudisha hisa kwa wenyewe wakati akaunti ya mfumo iko mikononi mwake, tunaanzia wapi? Vikao vya wanahisa tuviitishe vipi na mmoja wao hatumjui? Na kama kuna mwingine hapa Dodoma, Singida au Kibaigwa aliyefanyiwa hivi, njoo PM, tunataka kupeleka malalamiko kwa pamoja.