Naomba ushauri: kwa nini ng'ombe hawi zizini na malishoni kwa wakati mmoja?

MwalimuWaLuanda

Wapendwa, hamjambo. Ninafundisha fizikia katika shule moja ya upili ya kutwa hapa Vihiga, na wiki hii tumekuwa tukishughulikia athari ya fotoelektriki na kidato cha nne. Msichana mmoja ambaye huuliza maswali machache lakini mazito aliinua mkono akataka kujua hivi: ikiwa elektroni inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, na ng'ombe wa kwao ni mkusanyiko wa elektroni, protoni na nyutroni tu, ni sheria gani inayomzuia ng'ombe huyo kuwa zizini na malishoni kwa wakati mmoja? Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Nimemwahidi jibu Ijumaa. Nakusudia kutumia kanuni ya de Broglie, kwamba urefu wa wimbi ni namba ya Planck ikigawanywa kwa zao la tungamo na kasi. Ng'ombe wa kilo 300 anayetembea mita moja kwa sekunde anapata urefu wa wimbi wa takriban mita 2 × 10⁻³⁶, kiasi ambacho hakuna kifaa kinachoweza kukipima. Je, jibu hilo linatosha? Aidha, baadhi ya wanafunzi wametazama video zinazodai kwamba akili ya binadamu ndiyo inayoamua vitu viwe wapi. Nizigusie, au niziache zilivyo?

Nyalenda_K

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, lakini swali la mtoto linabaki palepale. Mwaka 1999, kikundi cha Anton Zeilinger na Markus Arndt kule Vienna kilipitisha molekuli zenye atomu 60 za kaboni katika wavu wenye mianya iliyopangwa kila baada ya nanomita 100, na zikatoa milia ya mwingiliano wa mawimbi, dalili kwamba kila molekuli ilipita kama wimbi katika mwanya zaidi ya mmoja. Urefu wa wimbi wa molekuli hizo ulikuwa pikomita 2.5 hivi, yaani mdogo kuliko molekuli yenyewe karibu mara 400, na bado milia ilionekana. Kufikia 2019 walikuwa wamefika kwenye molekuli zenye atomu zipatazo 2,000. Wimbi fupi linaifanya kazi ya maabara kuwa ngumu, halikatazi chochote.

Kinachokataza ni mazingira. Superposisheni, yaani kitu kuwa katika hali mbili kwa pamoja, hujidhihirisha pale tu ambapo hakuna kitu chochote ulimwenguni kilichobeba habari za njia iliyofuatwa. Mwaka 2003 kikundi hichohicho kiliingiza gesi kidogokidogo katika chemba iliyokuwa tupu, na milia ikafifia kadiri gesi ilivyoongezeka. Mwaka uliofuata walizipasha molekuli moto kwa leza hadi zikaanza kutoa fotoni (chembe za mwanga) zenyewe, na milia ikafifia tena. Zingatia, Mwalimu, kwamba molekuli hazikuongezwa ukubwa hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba habari za mahali zilipo zilianza kuvuja, na uvujaji huo ndio tunaouita dekoherensi.

Sasa mtazame ng'ombe wako. Anapigwa na jua, anagongwa na molekuli za hewa zisizohesabika, mwili wake unatoa joto, na kila fotoni inayomtoka inaondoka na taarifa ya mahali alipo. Tofauti kati ya ng'ombe wa zizini na ng'ombe wa malishoni inajulikana hata na nzi. Hali mbili zilizo mbali kiasi hicho zingepoteza uhusiano wao wa kimawimbi kabla hajapepesa jicho, na hata ukimweka gizani pasipo hewa, joto lake mwenyewe lingemfichua.

Bi_Milimani

Naafikiana na Nyalenda_K, nami nitajibu lile la video. Zigusie, ila kwa sentensi mbili. Ndani ya ile chemba ya Vienna milia ilifutwa na molekuli za gesi, na molekuli hazina akili wala nia. Neno "mtazamaji" limewapotosha watu wengi, wakiwemo wanaouza mafuta ya kutibu kwa nguvu za kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa) katika steji ya matatu karibu na kwangu. Darasani mimi husema "kifaa" au "mazingira", na tangu nianze kusema hivyo hoja za uchawi zimepungua.

MzeeWaMenengai

Mabibi na mabwana, mnamaliza upesi mno. Dekoherensi inaeleza kwa nini hatuoni milia kutoka kwa ng'ombe. Haielezi kwa nini ng'ombe hupatikana mahali pamoja mahususi. Ukiandika mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza jinsi hali za chembe zinavyobadilika, kwa ng'ombe, hewa, nzi na mwalimu wakiwa pamoja, matawi yote mawili, la ng'ombe zizini na la ng'ombe malishoni, yangali mle ndani. Yameacha tu kuingiliana. Schrödinger alilieleza tatizo hili mwaka 1935 kwa mfano wake wa paka aliye hai na mfu kwa pamoja, nalo halijafungwa.

Hugh Everett alipendekeza mwaka 1957 kwamba matawi yote ni halisi, na sisi tumo katika mojawapo. Wafuasi wa Niels Bohr, mmoja wa waasisi wa nadharia ya kwanta, husema nadharia hiyo inatabiri matokeo ya vipimo, na kuuliza zaidi ya hapo ni kuuliza pasipo na jibu. Ghirardi, Rimini na Weber walichukua njia nyingine mwaka 1986: walibadilisha mlinganyo wenyewe ili kila chembe iporomoke, yaani iache hali nyingi na kubaki katika moja, yenyewe kwa nasibu mara moja katika takriban miaka milioni 100. Chembe moja haitakusumbua. Lakini ng'ombe wa kilo 300 ana protoni na nyutroni zipatazo 2 × 10²⁹, hivyo ndani yake pangetokea miporomoko zaidi ya trilioni kumi kila sekunde, na mmoja tu unatosha kumweka mahali pamoja.

Mimi naipenda nadharia hiyo kwa sababu inaweza kushindwa katika maabara, ingawa hadi sasa hakuna jaribio lililouonyesha mporomoko huo. Msichana ameuliza ni sheria gani. Mwambie ukweli: kwa mujibu wa baadhi ya wanafizikia hakuna sheria kama hiyo, na kwa wengine ipo lakini haijathibitishwa.

Nyalenda_K

Mzee wangu, nakubali kwamba swali la tokeo moja liko wazi, ila sitaki mtoto aondoke akidhani kwamba ukubwa wenyewe ni mpaka. Mwaka 2023 watafiti wa Zurich waliweka mtikisiko wa fuwele ya mikrogramu 16 katika superposisheni ya mitikisiko miwili iliyo kinyume. Kweli, atomu zake zilisogea umbali mdogo mno kuliko upana wa atomu moja, kwa hiyo tusiseme fuwele ilikuwa mahali pawili kama ng'ombe wa hadithi yetu. Na Tuzo ya Nobel ya 2025 ilikwenda kwa Clarke, Devoret na Martinis kwa majaribio ya miaka ya 1980 yaliyoonyesha tabia ya kwanta katika saketi ya umeme inayoweza kushikwa mkononi.

MwalimuWaLuanda

Nawashukuru sana. Nitaanza na gesi ya Vienna, kisha nitawaachia swali la Mzee bila kulifunga. Ningependa waione milia kwa macho yao kwanza, lakini maabara yetu haina wavu wa mianya. Kuna njia rahisi?

Bi_Milimani

Ipo, Mwalimu. Nunua leza nyekundu ya kalamu, ubandike unywele mmoja ulionyooka katikati ya mwangaza wake, uielekeze kwenye ukuta ulio umbali wa mita 3, na ufunike madirisha kwa leso. Utaona milia, na kutoka giza moja hadi jingine ni takriban sentimita 3. Zidisha urefu wa wimbi, ambao ni nanomita 650, kwa umbali wa ukuta, ugawanye kwa nafasi hiyo, nawe utapata upana wa unywele. Iweke leza juu ya vitabu, chini ya usawa wa macho ya waliokaa, wala isielekezwe usoni mwa mtu, hata kwa mzaha.