Hesabu ya safari haifungi: pesa inavujia wapi?

MgeniWaNjia:
Habari wakuu. Mwezi ujao nasafiri wiki tatu: Ufaransa, napita Uswisi nusu siku nikibadili treni, kisha Italia, namalizia Uingereza. Mwaka jana nilisafiri kikazi na kila jioni nilikuwa naandika matumizi kwenye daftari, hata chupa ya maji. Niliporudi nikalinganisha na taarifa ya benki. Benki ilikuwa imekata zaidi ya daftari langu kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili. Sijaibiwa, maana kila muamala naukumbuka. Ila kila mmoja ulikuwa umenenepa kidogo.

Kuna kitu nakishuku. Mashine za kulipia zilikuwa zinaniuliza kama nilipe kwa fedha ya pale au ya nyumbani. Nilikuwa nachagua ya nyumbani, kwa sababu ile namba naielewa. Nilikosea? Na safari hii nibebe taslimu au kadi? Mjomba amenipa pauni alizobaki nazo tangu safari zake za zamani, hizo angalau sina wasiwasi nazo.

Kifurushi:
Beba dola mkuu. Dola haikataliwi popote. Mengine yote ni kujichosha.

MamaLeja:
MgeniWaNjia, pole. Ulikosea, na mimi nilikosea hivyo hivyo miaka minne mfululizo, na kazi yangu ni kukagua hesabu za watu! Kwa hiyo usione haya.

Iko hivi. Pesa yako lazima ibadilishwe mahali fulani, na anayeibadilisha lazima ale kidogo. Swali ni nani unamruhusu ale. Ukichagua fedha ya pale, anayebadilisha ni mtandao wa kadi yako pamoja na benki yako. Ukichagua ya nyumbani, anayebadilisha ni kampuni iliyo nyuma ya ile mashine, kwa kiwango inachojipangia yenyewe. Bili ya euro 200 ikiongezwa asilimia 5, umeacha euro 10 mezani kwa kubonyeza kitufe kimoja. Na usidhani umeikwepa benki yako: benki nyingi bado hukata ada yao ya muamala wa nje, kwa kuwa duka liko nje. Unaliwa mara mbili.

Kanuni za Visa na Mastercard zinataka wewe mwenye kadi ndiye uchague. Mhudumu hana ruhusa ya kukubonyezea. Akikubonyezea, mwambie aufute muamala na auanze upya kabla hujaondoka pale. Ukishafika nyumbani, kubishana ni kazi ya wiki nzima.

ATM nazo zina ujanja wao. Baada ya kuweka kiasi, inakuja skrini yenye kiwango cha kubadilisha na vitufe viwili, kukubali au kukataa. Kimeandikwa "kataa" kwa namna inayokufanya udhani ukibonyeza hutapata pesa. Unapata. Umekataa kiwango chao tu, pesa inatoka kama kawaida. Mara ya kwanza nilibonyeza nikiwa nimefumba macho kidogo.

Halafu uliza benki yako kabla hujaondoka: ada ya kutoa pesa nje ni kiasi maalumu au asilimia? Kama ni kiasi maalumu, toa mara chache kwa mafungu makubwa. Kuna safari niliogopa kubeba taslimu nikawa natoa euro 20, 20, mara kumi na moja. Ada zilinikomesha. Na kadi ya mkopo usiiingize kwenye ATM ila kwa dharura, maana kwa kawaida riba ya taslimu huanza kuhesabiwa siku ile ile, haisubiri mwisho wa mwezi kama manunuzi.

Kifurushi, ndugu yangu, kwa safari hii dola zinampeleka pabaya. Atanunua dola kwa fedha yake, kisha atauza dola apate euro. Kabadilisha mara mbili. Na duka lililobandika "hatutozi ada" lisimdanganye. Atazame kibao chao, bei ya kununua na bei ya kuuza. Wakinunua kwa 92 na kuuza kwa 108, ada yao iko pale katikati, hawana haja ya kuiandika.

Sasa pauni za mjomba. Zitoe uziguse. Kama ni za karatasi, hata 20 na 50, hazilipi tena dukani. Zile za mwisho zilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2022, siku hizi noti zao ni za plastiki. Thamani haijapotea, Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, ila usishuke uwanja wa ndege ukizitegemea kwa nauli.

Kifurushi:
Mama umenipiga na leja kichwani. Nakubali yaishe. Ila nitetee taslimu kidogo: mimi ATM ilimeza kadi yangu Jumamosi jioni, benki imefungwa mpaka Jumatatu. Kadi nilikuwa nayo hiyo hiyo moja. Siku mbili zile nililala mapema ili nisihisi njaa. Mkuu, beba kadi mbili, moja kwenye pochi na nyingine ndani ya begi, zisikae pamoja hata dakika moja.

LainiMbili:
Mmesahau simu, na ndiko nilikopigwa mimi. Ukinunua laini Ufaransa, utaitumia Italia bila nyongeza ya kawaida ya kuvuka mpaka. Ndiyo sheria ya Umoja wa Ulaya tangu tarehe 15 Juni 2017. Lakini Uswisi haimo kwenye Umoja, na Uingereza ilishatoka. Ukiwa ndani ya treni simu hujui imeruka mtandao saa ngapi. Mimi nilisinzia, ramani iko wazi, picha zinajipakia zenyewe, nikaamka salio limekwisha. Zima data kabla ya mpaka. Kwenye feri pia, maana simu hushika mnara wa meli unaotumia setelaiti, na huo hauhesabiwi kuwa nchi yoyote.

La pili: usiichomoe laini ya nyumbani. Benki ikituma namba ya kuthibitisha malipo, inakwenda huko. Iache kwenye simu, data imezimwa, ipokee meseji tu. Ila kwanza uliza mtandao wako kama meseji za kupokea ukiwa nje ni bure.

MgeniWaNjia:
Asanteni sana. Nimezitoa pauni za mjomba. Karatasi tupu! Pia nimefukua risiti moja ya hoteli ya mwaka jana. Chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa, imeandikwa kwamba nilipewa uchaguzi na nikakubali kiwango chao. Nimetia na sahihi yangu, safi kabisa.

Mama, swali la mwisho. Zile saa chache za Uswisi nitafute faranga, au euro zitanifaa?

MamaLeja:
Lipa kwa kadi, na chagua faranga. Maduka mengi ya stesheni yatakupokea noti za euro, lakini kwa kiwango chao, na chenji watakurudishia faranga. Nyingi zitakuwa sarafu, na maduka ya kubadilisha fedha ukishatoka nchi ile kwa kawaida hayapokei sarafu, noti tu. Mimi zangu ziko kwenye kopo la kalamu hapa mezani. Naenda tena huko labda mwakani, labda kamwe.