Kuku na bata kwenye theluji: matundu, fito, maji na taa

Lewiston, Maine

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine hamjambo. Kuku majike sita na bata watatu, banda la mbao la futi 6 kwa 8, umeme uko nyumbani ila bandani haufiki. Novemba ndiyo hii. Dukani wananishauri taa nyekundu ya kupasha joto, ya wati 250. Ninunue? Matundu ya hewa ya juu niyazibe? Na je, bata walale na kuku?

St. Paul, Minnesota

Marahaba, mdogo wangu. Taa hiyo iache dukani. Balbu ya wati 250 inaning'inia juu ya maranda makavu, chini kuna vumbi na mabawa yanapigwapigwa: klipu ikilegea siku moja tu, banda limekwenda. Hata isipoanguka, dhoruba ikikata umeme usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri, kuku aliyezoeshwa joto ndiye anayekufa. Kuku mzima aliyemaliza kubadilisha manyoya ana jiko lake mwenyewe, mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Mwachie alitumie, mradi akae pakavu.

Ndiyo maana matundu ya juu hayazibwi. Wengi wetu tunakosea hapo, kwa sababu mkono ukihisi baridi unakimbilia nailoni na misumari. Kuku sita wanatoa mvuke usiku kucha kwa pumzi, na kinyesi chao kibichi karibu robo tatu yake ni maji. Mvuke ukikosa pa kutokea hutua kwenye vilemba vyao vya nyama kichwani na ndevu, ukaganda, na ncha zikafa. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, tazama kioo cha dirisha upande wa ndani. Kikiwa na matone au ukungu wa barafu, ongeza matundu. Ukichuchumaa macho yakawasha, hiyo ni amonia, gesi kali ya kinyesi, na matandazo yanahitaji kazi.

Kadirio la huku ni futi moja ya mraba ya tundu kwa kila ndege. Toboa chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, juu kabisa ya vichwa vya kuku waliolala. Tundu lililo usawa wa fito wanazolalia ni baya kuliko kukosa tundu, maana upepo unafunua manyoya na joto lote linatoka. Funika kila tundu kwa wavu mgumu wa nusu inchi, ukaze kwa skrubu zenye vipete vya bati (washa). Wavu mwembamba wa pembe sita unazuia kuku kutoka. Lakini rakuni, mnyama wa usiku wa huku anayewinda kuku, anauchana kwa mikono.

Fito: mbao ya inchi mbili kwa nne, ilazwe upande mpana ukitazama juu. Kwenye mti wa mviringo tuliouzoea nyumbani kuku anakunja vidole kuushika, na ncha zinabaki nje kwenye baridi. Juu ya ubao anakaa bapa, na manyoya ya kifua yanafunika vidole vyote. Toa inchi 8 hadi 10 kwa kila kuku.

Chini weka maranda ya msonobari. Anza na inchi 6, endelea kuongeza mpaka yafike 12 ifikapo Februari. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki, hasa chini ya fito. Maranda ya mwerezi hapana, harufu yake ni kali kwa mapafu ya ndege. Nyasi za malisho nazo hapana: zinashika maji na kuota ukungu upesi, na ukungu ukishaingia kwenye mapafu ya kuku huna dawa.

Nje ya Winnipeg, Manitoba

Nakubali yote ya St. Paul. Niseme ya bata.

Wasilale chumba kimoja na kuku. Bata analala chini, kuku yuko juu yake anadondosha, na bata mwenyewe analowesha matandazo mpaka ile kazi ya kukausha hewa inakuwa bure. Gawanya banda kwa ubao wa plaiwudi, upande wa bata tandika mabua ya ngano badala ya maranda, na uongeze mapya kila siku mbili tatu. Kama mmoja wa hao watatu ni dume, mtenge na kuku hata mchana. Akipanda kuku anaweza kumuumiza vibaya, maumbile yao hayalingani.

Aina nayo ina maana. Bata wale wenye nyama nyekundu usoni, waliojaa vijijini kwetu, huku wanaitwa Muscovy. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, joto tupu. Uso na miguu yao hugandishwa mapema kuliko ya Pekin, Rouen au Cayuga, kwa hiyo baridi ikikaza ni wa kubaki ndani. Pekin atakaa nje kwenye theluji anakutazama tu. Hata hivyo mtandikie mabua mahali anaposimama, kwa sababu barafu ngumu na yenye ncha inakwangua nyayo, vijidudu vinaingia, na unyayo unavimba kipele cheusi katikati.

Maji ndiyo kazi halisi ya miezi mitano. Bata hanywi tu, huzamisha domo lote na kuosha pua, kwa hiyo vichuchu vya kunyweshea kuku havimtoshi. Tafuta karai la mpira la galoni 2 au 3, lenye kina cha inchi 5 au 6. Likiganda unalipindua, unalikanyaga, barafu inatoka nzima. Ndoo ya plastiki ya kawaida hupasuka. Nunua mawili: moja liko nje, jingine linayeyuka jikoni.

Ukivuta umeme, bakuli la mbwa lenye joto, wati 60 hivi, linamtosha bata. Kwa kuku kuna kitako cha chuma cha wati 125 kinachokaa chini ya chombo cha bati. Waya uwe wa nje, geji 12 au 14 (namba ndogo ndiyo waya mnene, usidanganyike), uchomekwe kwenye soketi inayojikata yenyewe ikiguswa na maji. Ziko plagi zenye thamostati, zinawasha kwenye Farenihaiti 35 na kuzima kwenye 45, bili itakushukuru.

Vyombo vya maji vikae uwanjani, nje ya chumba cha kulala. Usiku ondoa maji na chakula pamoja. Bata akila chakula kikavu bila maji hupaliwa. Kuhusu kuogelea, msimu huu si lazima, karai la kuzamishia kichwa linatosha.

Lewiston, Maine

Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Kuku mmoja ncha za kilemba zimekuwa nyeupe kama nta, nimpake Vaselini? Na mayai yamekatika, niwashe taa ya kawaida?

St. Paul, Minnesota

Usisugue na usimweke karibu na hita. Mtoe penye unyevu, mwache. Nyeupe itageuka nyeusi na kudondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa; ile nyeusi inafunika nyama iliyo hai, usiikate. Vaselini wengine wanaisifia kama kinga. Mimi siiamini, kwa sababu kilemba kinapona banda likikauka, mafuta yawepo yasiwepo. Mwaka ujao nunua Chantecler, Wyandotte au Buckeye, vilemba vyao vimelala karibu na kichwa. Leghorn ana kilemba kirefu, ndiye wa kwanza kuumia.

Mayai ni habari ya mwanga. Kuku anataka saa 14 hivi, Desemba kwenu ni 9 hivi tu. Balbu ndogo ya LED ya wati 9 na taima inatosha, lakini iwake alfajiri. Ikizimika ghafla usiku kuku wanabaki chini gizani, hawaioni fito.

Nje ya Winnipeg, Manitoba

Hapo kwenye taa tunatofautiana. Waliobadilisha manyoya vuli hii waache wapumzike, protini yao iende kwenye manyoya. Wanaotaga, okota mayai mara tatu kwa siku, maana yakiganda yanapasuka, na yaliyopasuka usiyaweke kwa ajili ya watu.

Chakula: kuku mmoja gramu 120 kwa siku, baridi kali zinafika 150. Jioni kabla ya kupanda fito, mahindi kidogo tu kwa kila kuku, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mlo. Weka kokoto ndogo za granite kwenye kopo, kwa kuwa ardhi imefunikwa na hawaokoti mawe ya kusagia chakula tumboni. Na bakuli la maganda ya chaza pembeni, kwa ajili ya ganda la yai.

Wavu wa juu wa uwanja ukaguliwe leo. Theluji mbichi ikishikana kwenye matundu inakuwa paa zito na kuvunja fremu. Gonga kwa ufagio inapoendelea kuanguka, usingoje asubuhi. Na chota ile inayojikusanya kando ya uzio, mbweha anaipandia.