Mjomba na pumba zake

*Jumapili usiku*

Mjomba Athumani: Wanafamilia, natangaza rasmi. Kuanzia kesho narudi kwenye nyama zangu. Siku nne nimekula majani kama mbuzi, tumbo limejaa kama ngoma na chooni hakuna kitu. Neema na ushauri wako wa kula mimea ili choo kilainike, umenipoteza mjomba wako.

Neema: Shikamoo mjomba. Pole sana. Umekula nini hasa hizo siku nne?

Mjomba Athumani: Marahaba. Pumba za ngano vijiko vitano asubuhi, vitano usiku. Maharage mchana na jioni. Kabichi. Tufaha na ganda lake. Nyama sijagusa tangu Jumatano.

Hamisi: Mjomba miaka yote ulikuwa unaongea pumba, sasa unazila kabisa 😂😂

Mama: Hamisi!!

Mjomba Athumani: Mwache dada. Huyo ni mpwa wangu, utani wake nimeuzoea.

Neema: Na maji unakunywa kiasi gani?

Mjomba Athumani: Maji nimepunguza. Nikinywa sana usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo.

Salma: Baba jamani 🤦🏾‍♀️

Neema: Basi tumelipata tatizo. Pumba hufanya kazi kwa kushika maji ndani ya utumbo, ndipo choo kinakuwa kikubwa, laini, chenye kusukumika. Umeziongeza pumba ukapunguza maji. Umejijengea tofali mjomba.

Hamisi: Tofali la kuchoma 🧱

Mjomba Athumani: Na hiyo ngoma je? Maana jana msikitini nimekaa mstari wa nyuma kwa sababu ambazo sitazitaja.

Mama: 🤣🤣 kaka

Neema: Hiyo ni gesi, na ina maelezo yake. Pumba, maharage na kabichi vimejaa nyuzinyuzi, zile sehemu ngumu za mmea, na sisi wenyewe hatuna vimeng'enya, yaani kemikali za mwili za kusaga chakula, vya kuzivunja. Zinapita tumboni, zinapita utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana zikiwa bado nzima. Huko zinakutana na bakteria, matrilioni kwa matrilioni, na wao ndio wanaozila. Wakila wanatoa gesi. Wewe umekula nyama na mkate mweupe miaka arobaini, kwa hiyo bakteria wanaopenda maharage wako wachache na hawana mazoea. Umewamwagia mzigo wa wiki mbili kwa siku moja.

Mjomba Athumani: Kwa hiyo kosa ni la bakteria.

Neema: Kosa ni haraka. Ungeanza na kijiko kimoja cha pumba, au nusu kikombe cha maharage, ukakaa hapo siku nne tano, ndipo uongeze. Wiki tatu nne hivi. Wale wadudu wanaongezeka kadiri unavyowalisha, na gesi kwa watu wengi hupungua.

Mama: Na maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe. Mama yetu alikuwa akifanya hivyo, sisi tukidhani ni kutoa vumbi.

Neema: Kweli mama. Zile sukari zinazoleta gesi zinatoka na yale maji, si zote lakini sehemu yake. Halafu yachemke sawasawa mpaka yaive, maharage yaliyo nusu mbichi yana sumu inayotapisha.

Mama Mkubwa Zuhura: *Imesambazwa mara nyingi*
⚠️ SAFISHA UTUMBO KWA SIKU 3!! Mtu mzima ana KILO TANO za uchafu ulioganda kwenye kuta za utumbo. Kunywa maji ya chumvi na ndimu asubuhi kabla ya kula chochote. Watumie watu 10 unaowapenda 🙏🙏

Mama Mkubwa Zuhura: Athumani jaribu hii

Neema: Shikamoo mama mkubwa. Hapana, tafadhali asijaribu. Hakuna uchafu unaoganda ukutani. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache, hakuna kitu kinachoweza kung'ang'ania pale miaka. Na mjomba ana presha, maji ya chumvi ndiyo kitu cha mwisho anachohitaji.

Mama Mkubwa Zuhura: Marahaba. Haya mimi nilitumiwa tu

Salma: Neema na mimi nina swali. Mimi nyama niliacha miezi sita iliyopita na bado napata choo kigumu. Si ndiyo nakula mimea hiyo?

Hamisi: Salma anakula chipsi, mkate mweupe na biskuti. Nimemshuhudia kwa macho yangu.

Salma: Viazi ni mmea Hamisi

Neema: 😂 Na soda nayo inatoka kwenye miwa. Salma, kuacha nyama ni jambo moja na kula nyuzinyuzi ni jambo jingine. Nyama, samaki, mayai, maziwa, vyote vina nyuzinyuzi sifuri, hilo ni kweli. Lakini ngano ikishakobolewa, lile ganda na kiini cha kuotea vikatolewa, kinachobaki ni wanga kwa sehemu kubwa. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 12 hadi 15 hivi kutegemea aina. Tufaha na ganda lake kama gramu 4. Juisi yake iliyochujwa, karibu hakuna. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023: mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Hesabu mwenyewe biskuti zako.

Salma: Nimehesabu. Nanyamaza.

Neema: Usinyamaze kwanza. Unameza vitamini B12?

Salma: Hapana, mbona najisikia vizuri tu

Neema: Hapo ndipo inapotega watu. B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, na ini lina akiba inayoweza kukaa miaka. Kwa hiyo mtu anajiona mzima, anajisifu, kisha akiba inaisha. Ganzi miguuni, damu inapungua, kumbukumbu zinayumba, na mishipa ya fahamu ikishaumia huenda isirudi yote. Kama umeacha nyama, mayai na maziwa vyote, meza vidonge vyake au kula vyakula vilivyoongezwa B12. Hili halina mjadala hata kwa wanaopenda mimea kuliko wewe.

Mama: Na madini ya chuma?

Neema: Yamo kwenye maharage na mboga za majani, ila mwili huyanyonya kwa shida kuliko yale ya nyama. Kula na kitu chenye vitamini C, chungwa au nyanya. Chai na kahawa zisubiri, zisinywewe pamoja na chakula.

Mama Mkubwa Zuhura: Mimi nimeambiwa na sukari yangu hii nisile matunda kabisa. Nakunywa juisi kidogo tu ya kupoza koo

Neema: Mama mkubwa umegeuza kichwa chini miguu juu 🙈 Tunda zima ndilo lenye nafuu. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile za matunda, maharage na shayiri, zikikutana na maji zinakuwa utelezi mzito kama uji. Sukari inachelewa kupenya kuingia kwenye damu, inapanda taratibu. Kwenye juisi umeutupa ule utelezi ukabaki na sukari. Ila kiasi kipimwe na daktari wako, na ukibadilisha chakula sana pima sukari mara kwa mara, dawa zile zile zinaweza kukushusha kupita kiasi. Usipunguze dawa kwa kusoma kikundi hiki.

Mama Mkubwa Zuhura: Sawa mwanangu. Kwa hiyo juisi nimalizie hii iliyopo

Mama: 😅

Hamisi: Mimi nauliza kwa nia njema. Hizi habari za nyuzinyuzi si mitindo tu ya watu wa mitandaoni? Mwaka jana ilikuwa maji ya kitunguu saumu.

Neema: Ni za zamani kuliko mama yako. Kulikuwa na daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911 akafanya kazi Uganda miaka mingi. Aliona magonjwa yaliyojaa hospitali za kwao, ya utumbo, mawe ya nyongo, moyo, kwa watu wa vijijini kule yalikuwa haba. Miaka ya 1970 mwanzoni yeye na wenzake wakapima vitu ambavyo wasomi walikuwa wanaona aibu kupima: uzito wa choo, na saa chakula kinachotumia kusafiri toka mdomoni hadi mwisho. Watu wa vijijini Uganda walitoa choo kizito mara kadhaa kuliko Waingereza, na safari yenyewe ilichukua kama nusu ya muda.

Mjomba Athumani: Mtu mzima na shahada zake anapima choo.

Neema: Alikuwa anaonyesha picha zake kwenye mihadhara mjomba. Sasa mimi siamini kila alichosema. Mwanakijiji wa wakati ule alitofautiana na Mwingereza kwa mambo mengi, kazi, uzito, umri, huwezi kusema ni pumba peke yake. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na wengine wakalifuata. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, ukiwalinganisha na waliokula kidogo, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 wa vifo na wa magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Na majaribio yalionyesha uzito, presha na kolesteroli vinashuka.

Hamisi: Kolesteroli inahusianaje na choo sasa?

Neema: Kupitia nyongo. Ini linatengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli. Kawaida nyongo ikishafanya kazi inanyonywa tena irudi ini. Ule utelezi unaishika, inatoka na choo. Ini linalazimika kuchota kolesteroli nyingine kwenye damu kutengeneza nyongo mpya.

Hamisi: Aisee. Hiyo nimeielewa, na sikutegemea.

Neema: Na ile ya saratani, bakteria wakila nyuzinyuzi hawatoi gesi tu. Wanatoa pia asidi fupi za mafuta, mojawapo inaitwa butirati, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Sehemu nyingine za mwili zinalishwa na damu, hizi zinalishwa zaidi na kinachopita mbele yao. Usipokula nyuzinyuzi, seli hizo zinakosa mlo wake, na baadhi ya bakteria wanageukia ute unaolinda ukuta.

Mjomba Athumani: Kwa hiyo nyama ndiyo basi?

Neema: Sijasema hivyo mjomba. Nyama ikae pembeni ya sahani, isiwe ndiyo sahani. Soseji ndizo ningependa uziage, nyama za kusindikwa Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2015 kuwa zinasababisha saratani ya utumbo mpana.

Mjomba Athumani: Soseji tena 😔

Neema: Mjomba, kuna swali ambalo sitaki ulijibu hapa. Nijibu pembeni. Umewahi kuona damu chooni? Umepungua uzito bila sababu? Na hiki choo kigumu kimeanza lini, maana ukiwa na miaka 60 na choo kimebadilika ghafla, pumba zinasubiri, kwanza unapimwa.

Mjomba Athumani: *Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Athumani: Nimekuandikia pembeni.

Mama: Kaka?

Mjomba Athumani: Hakuna kitu dada. Lala.

*Alhamisi*

Salma: Jamani nimetoka hospitali na baba. Amefanyiwa kipimo cha kamera, wamezungusha kote. Ni bawasiri tu, hakuna kingine. Amepewa maelekezo yale yale ya Neema, ila kwa kuwa safari hii anayeyatoa ni daktari aliyevaa koti jeupe, baba ameitikia kila kitu.

Mama: Alhamdulillah 🤲🏾

Neema: Alhamdulillah. Mjomba sasa tunaanza upya. Kijiko kimoja. Maji glasi sita au saba, nyingi uzinywe kabla ya magharibi ili usiku ulale. Na nakutumia mchoro wa aina za choo, unaitwa kipimo cha Bristol, wa mwaka 1997. Una namba moja hadi saba. Moja ni vipande vigumu kama karanga. Saba ni maji matupu. Unachotafuta ni tatu au nne, umbo la soseji, laini.

Mjomba Athumani: Soseji mnanikataza kula, kumbe mnataka nizitengeneze.

Mama: 🤣🤣🤣 nimecheka mpaka jirani kauliza

Neema: Na usijilazimishe kila siku. Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki, zote ni kawaida kama hakuna maumivu.

Mama Mkubwa Zuhura: Huo mchoro Neema ungeutuma baada ya watu kula chakula cha mchana

*Jumanne, wiki ya tatu*

Mama: Kaka kimya sana. Tumbo vipi?

Mjomba Athumani: Vijiko viwili. Maharage nusu kikombe kila siku. Gesi ipo ila nimerudi mstari wa mbele.

Salma: Ni kweli, mimi nipo naye nyumba moja, nathibitisha 🙏

Neema: Safi sana mjomba. Kaa hapo wiki nzima kabla ya kupanda.

*Jumamosi asubuhi*

Mjomba Athumani: Nne.

Neema: 👏🏾👏🏾👏🏾👏🏾

Salma: Hongera baba!!!

Mama: Mashallah kaka

Mama Mkubwa Zuhura: Mungu mkubwa

Hamisi: Nne bila?? Jana walicheza? Nani kafunga?