Mshale wa mafuta unacheza na indiketa

Dereva wa Usiku
Wakuu, naombeni msaada. Pikapu yangu ni ya dizeli, giya za mkono, imeshatembea zaidi ya kilomita laki mbili. Mchana haina neno. Jioni nikiwasha taa tu, mshale wa mafuta unashuka kutoka nusu hadi robo. Nikikanyaga breki unashuka tena kidogo. Nikiwasha indiketa ndiyo balaa: taa ikiwaka mshale unashuka, ikizima unapanda, vinafuatana kabisa. Nikizima taa zote unarudi nusu pole pole.

Geji ya joto na ya spidi zimetulia. Fyuzi nimebadilisha, fundi akabadilisha na floti ya tenki, ile inayopima kiwango cha mafuta, hali ni ileile. Sasa anataka tununue dashibodi nzima, nimekataa kwanza. Nabeba mizigo usiku, na dizeli ikikauka njiani haitoshi kumimina na kuwasha, mpaka utoe hewa kwenye mfumo. Nahitaji geji ninayoweza kuiamini.

Mzee wa Gereji
Pima altaneta, ile inayochaji betri. Injini ikiunguruma betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Yangu ilikuwa inazidisha, mishale yote ikawa inaruka.

Fundi Waya
Kwa heshima, mzee wangu, altaneta ingemsumbua hata mchana, na isingechagua mshale mmoja. Huu unafuata taa za nyuma. Hiyo ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Mkuu, kwenye pikapu nyingi floti ya tenki na taa za nyuma hurudisha umeme kupitia boliti moja ya chesisi. Boliti ikishika kutu, umeme wa taa unakosa njia nzuri, volti zinapanda pale pale kwenye kiungo, na geji, ambayo husoma mafuta kwa ukinzani wa floti, inadhani ukinzani huo umeongezeka. Kama gari lako tenki tupu ndilo lenye ukinzani mkubwa, mshale lazima ushuke.

Weka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye kichwa cha waya wa athi huko nyuma. Washa taa, mtu akanyage breki. Kisha hamisha mwekundu kwenye chuma kitupu cha chesisi, sentimita chache pembeni. Namba zikipishana sana, kiungo ndicho kibovu. Dashibodi usiiguse.

Dereva wa Usiku
Kaka, nimelala chini ya gari asubuhi nzima. Boliti iko juu ya chesisi, nyuma ya taa ya kushoto, imefunikwa na tope lililokauka likawa kama udongo wa kuchoma. Kichwa cha waya kimesoma volti 1.8, chuma cha pembeni 0.05. Nilipofungua, chini ya kichwa kulikuwa na unga wa kijani. Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, sasa inasoma 0.06. Nimewasha taa, breki na indiketa kwa pamoja: mshale umekaa nusu, haujatikisika.

Nipake grisi?

Fundi Waya
Paka, lakini juu, ukishakaza. Chuma kishikane na chuma kwanza. Na waya wenyewe uchunguze, kutu huingia ndani ya plastiki. Ukiukunja ukasikia unakwaruza ndani, kata hapo uweke kichwa kipya.