Kilokalori 250 zinanipandisha mita ngapi?

mpanda_ngazi
Wakuu naombeni msaada. Pakiti ya biskuti imeandikwa kilokalori 250, nikazidisha kwa 4184 nikapata jouli 1,046,000. Mimi nina kilo 60 kwa hiyo uzito wangu ni kama nyutoni 588, nikigawanya inakuja karibu mita 1779. Yaani pakiti moja inipeleke juu karibu kilomita mbili?? Mbona ghorofa nne tu nahema kama nimekimbizwa

jouli_kwa_jouli
Kugawanya umegawanya vizuri mkuu, tatizo umedhani misuli inafanya kazi asilimia 100. Misuli inageuza kuwa kazi kama asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati inayochoma, iliyobaki yote inaishia kuwa joto, ndo maana jasho linakutoka. Kwa hiyo pakiti hiyo inakupandisha mita 356 hadi 445 hivi, na hapo bado hujahesabu moyo, ubongo na mengine yanayokula nishati hata ukiwa umelala.

Kuhema ni kitu kingine kabisa, hapo usiangalie nishati angalia kasi ya kuitumia. Ghorofa nne tuseme ni mita 12, kazi yake jouli 7056, ukizipanda kwa sekunde 20 ni wati 350 na ushee za kunyanyua mwili tu. Sasa zidisha mara nne au tano ndo upate mwili unachoma kiasi gani, wakati ukikaa umetulia unatumia wati 80 au 100 hivi. Lazima uheme!

Mzito_Kiasi
dah kwa hiyo hizo ghorofa nne ni kama kilokalori 7 tu, na gramu moja ya mafuta ina 9. Yaani hata gramu haiishi 😂😂 bora niache tu hiyo biskuti

mpanda_ngazi
Sawa nimekupata @jouli_kwa_jouli, na kushuka je? Si graviti inanirudishia nilichotumia kupanda

jouli_kwa_jouli
Inarudisha ndio lakini sio tumboni. Ukishuka misuli ya mapaja inafanya breki, ile nishati inageuka joto humohumo, na breki yenyewe nayo inataka chakula ingawa kidogo kuliko kupanda. Halafu ndo hiyo inayokuachia mapaja yanauma kesho yake kama hujazoea